Viti Saba na Sahani Moja

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la Jiografia. Lilinunuliwa nikiwa kidato cha pili, likaandikwa kurasa nne, kisha mimi na shule tukaachana. Sikufukuzwa, watu waelewe. Mwalimu alisema nitoke nje, nami nikatoka, nikaendelea kutembea. Kurasa nyeupe zimebaki nyingi na hasira ninazo nyingi, basi vikutane.

Habari yenyewe ni hii. Bibi, mama yake Baba, alivunjika nyonga mwishoni mwa mwaka jana. Amepona, anatembea na mkongojo wake taratibu kama mtu anayehesabu vigae. Kutembea si shida. Shida ni kuinuka. Viti vyetu vya mezani ni vya plastiki, vifupi, miguu inalegea kama ya mlevi. Bibi akishakaa, hainuki mpaka avutwe. Mwezi wa pili Baba alimvuta mbele ya wageni wake wa kazini. Kamshika makwapani, mvuto wa kwanza hakutoka, mvuto wa pili akatoka na kiti chake, kimemng'ang'ania nyuma. Mgeni mmoja akacheka. Bibi akasema, "Kuanzia kesho chakula changu kije chumbani."

Mpaka leo kinakwenda chumbani. Mama anapeleka sahani, anarudi, tunakula wanne: Baba, Mama, Kaka na mimi.

Leo Shangazi, dada yake Baba, kapiga simu. Sauti ile haihitaji simu, angefungua tu dirisha la kwake. "Mama yangu anakula peke yake kama mfungwa? Mvua zikikatika nakuja. Nikimkuta bado anakula na ukuta, naondoka naye!" Barabara ya kwao haipitiki wakati wa masika, na masika ndiyo kwanza yameanza. Kwa hiyo tunao muda, hadi matope yakauke.

Baba kasema, "Tutanunua viti vizuri, Mama atarudi mezani."

Nikasema nitachagua mimi, maana nimefanya kazi kwa fundi seremala miezi minne.

"Akakufukuza," akasema Kaka.

Huyo ndiye kaka yangu mkubwa. Anafanya kazi ofisini, anavaa tai hata siku ya kwenda kunyoa. Namwita Bwana Tai. Bibi ananiita mimi "mume wangu". Akiondoka, nyumba hii itabaki na nani wa kunijua thamani? Haondoki. Nimeandika kwa wino.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda duka la samani, mimi, Baba na Bwana Tai. Vioo kila ukuta, nimejisalimia mara mbili. Muuzaji anaita kila mtu "bosi", hata mimi. Nikampenda kwa dakika moja.

Kiti nakijua. Kwanza unakigeuza miguu juu, maana poda hupakwa usoni, huku chini ndiko kwenye ukweli. Nikakigeuza. Kumbe kitambaa kimebanwa kwa pini za kubania karatasi, na kila mguu umeshikwa na skrubu mbili kwenye ubao wa unga wa mbao uliogandishwa. Nikakisimamisha kwa mguu mmoja, nikakisukuma. Kikalia kwii, kama panya kakanyagwa.

"Kijana," akasema muuzaji, ubosi wangu umeshakwisha, "kiti kinakaliwa, hakisomwi chini."

"Basi nakaa."

Nikakaa. Fundi alinifundisha kwamba kiti cha kulia chakula hakijaribiwi kwa dakika moja, kila kiti ni kitamu kwa dakika moja. Ukikalie muda wa mlo mzima. Nikakaa, nikakaa.

"Umelala?" akauliza yule.

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Muda wako."

Wakati huo Baba na Bwana Tai wameshapenda. Viti sita, mgongo mrefu kama wa hakimu, kitambaa cha kung'aa rangi ya zabibu, sponji nene kama mkate.

"Hivi ndivyo viti vya watu," akasema Bwana Tai.

"Baba, havina mikono," nikasema. "Bibi atashika nini akiinuka? Na ona kina cha kikalio. Akiegemea, miguu itaning'inia."

"Atashika meza."

"Baba..."

"Wewe fundi alikufukuza kwa mdomo. Usinifukuzishe na mimi hapa dukani."

Vikalipiwa. Muuzaji akanikonyeza. Ningekuwa na randa ningelisawazisha lile jicho.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Nimenuna.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Bado.

Jumatano, 12 Machi

Vimeletwa. Bibi alivaa gauni lake la kutokea, akachana nywele, akaja mezani na mkongojo wake kama bibi harusi. Akakaa. Akazama. Sponji ikammeza mpaka kiunoni. Akiegemea, miguu inaelea na sahani iko mbali. Akisogea mbele, mgongo hauna pa kuegemea. Kala vijiko vitatu. Halafu akataka kuinuka. Akashika meza, akashika na kitambaa cha meza, bakuli la mchuzi likaja kumsalimia mapajani.

Baba akaruka, akamshika makwapani. Mchuzi ukamchafua shati, nimeona, lakini sikumhurumia hata chembe.

Bibi kasimama, mchuzi unamtiririka. "Ahsanteni kwa viti," akasema. "Ni vizuri kutazama."

Akarudi chumbani. Bwana Tai akafuta mdomo na kusema, "Atazoea."

Nilichomjibu sikiandiki, hili ni daftari la Jiografia. Mama kanifukuza mezani kwa upawa. Nimekula nikiwa jikoni, nimesimama, nimevimba kama maandazi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda kwa Fundi. Nilikuwa namwita Kobe kwa sababu akipiga randa ubao mmoja unaweza kwenda sokoni, ukarudi, ukamkuta kwenye ubao uleule. Karakana yake ni paa la mabati tu, na mvua ilivyokuwa ikilipiga tulikuwa tunasemezana kama watu wa milima miwili.

"Shikamoo, Fundi!"

"Marahaba. Umefuata msumari wako?"

Akaingiza mkono kwenye kopo, akautoa. Haki ya Mungu, ameuhifadhi! Sababu ya kufukuzwa kwangu ndiyo hiyo, nyumbani nilisema ni mdomo. Niliunga stuli, ulimi wa mbao ukawa umelegea kwenye tundu lake, nikaona nijiokoe. Nikapiga msumari kwa siri, nikauziba kwa gundi na unga wa msumeno. Mteja hakuuona. Fundi kauona kwa kidole, amefumba macho.

"Nataka kiti cha bibi yangu," nikasema. Nikamweleza yote, na mchuzi.

"Cha kukaa au cha kuinuka?"

"Kuna tofauti?"

"Kukaa, hata gogo linakalika."

"Cha kuinuka."

"Basi utakitengeneza wewe. Mbao kavu ziko juu ya boriti, zina miaka mitatu. Mimi nitatazama. Nikikuta msumari, nakichoma moto mbele yako."

Nilitaka kumwambia abaki na mbao zake. Nilifika mpaka barabarani. Nikarudi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimempima Bibi.

"Unanipima sanda?" akauliza.

"Kiti, Bibi."

"Miaka yote hii ya ndoa, leo ndiyo unauliza goti langu liko wapi?"

Kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, kisha Fundi kasema niongeze vidole viwili, maana aliyekaa juu kidogo huinuka kwa urahisi. Kina cha kikalio kiache nafasi ya vidole vitatu nyuma ya goti, mshipa usibanwe. Mikono iwe kimo cha kiwiko na ifike mbele kabisa, mpaka ukingo wa kikalio, kwa sababu mtu hujisukumia pale. Nimeandika kila kipimo cha mwili wake. Daktari wa hospitali hamjui Bibi kama ninavyomjua mimi.

"Mume wangu, kisiwe na sponji lile," akasema. "Nilijihisi naliwa mimi."

Mama akaita chakula. Nikamwacha Bibi na sahani yake, nikakimbia mezani kabla Bwana Tai hajachagua minofu yote.

Jumanne, 1 Aprili

Ulimi wa kwanza umelegea. Fundi kautupa kwenye moto wa kuyeyushia gundi bila kunitazama.

Alhamisi, 3 Aprili

Ulimi wa pili umebana mno, mbao ya tundu imepasuka. Kazi ya siku mbili. Nimeitukana ile mbao matusi ninayoyajua na mengine nimeyabuni. Fundi akasema, "Tukana tu, mbao haina mama." Akanipa nyingine. Ningempiga. Mzee mwenyewe ana mkono kama jiwe, nikaahirisha.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Gundi haikauki.

Jumanne, 8 Aprili

Wa tatu! Nimeusukuma kwa kiganja tu, ukaingia, ukasema "pu", ukatulia. Nikatikisa. Kimya. Fundi kapitisha kidole, amefumba macho, akasema, "Hm." Katika lugha ya Fundi hiyo ni hotuba. Nimetembea barabara nzima kifua mbele, mvua yote ni yangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Kiti cha Bwana Tai kimeanza kucheza mguu. Kakunja karatasi ya ofisini kaweka chini. Mwezi mmoja tu! Nimecheka mezani mpaka maji yametokea puani. Baba kasema, "Endelea kucheka, na cha kwako tutakiona."

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekileta kichwani, nimekifunika turubai, mimi nimelowa. Nikakiweka sebuleni. Kikalio nimekichonga kikabonyea kidogo pale mwili unapotaka, mgongo umelala kidogo nyuma, mikono minene ya kushikika. Bibi akakizunguka. Akakigonga kama mlango. Akakaa, nyayo zote mbili sakafuni.

Akaweka viganja kwenye mikono ya kiti, akainama mbele, akasimama. Peke yake! Akakaa tena. Akasimama tena. Mara nne, mpaka Mama akaanza kulia, na Bibi akasema, "Wewe unalilia nini, magoti ni yako?"

Ningeishia hapo ningelala na furaha. Lakini tukakisogeza mezani.

Chini ya uso wa meza yetu, pembeni, kuna ubao mpana unaoshika miguu. Mikono ya kiti ikaugonga: ko! Nikajaribu upande wa pili: ko! Bibi akabaki mbali na sahani, mkono wangu mzima katikati. Nilipima kisigino, goti, kiwiko. Meza sikupima. Mimi! Bwana Tai akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Anajua kukohoa, hiyo ndiyo elimu yake.

Nikajaribu kichwani mwa meza. Pale uso umetokeza nje sana, ubao uko ndani. Kiti kikaingia kama droo. Kichwa cha pili kimegusa ukuta, ukikivuta mlango wa jikoni haufunguki. Kwa hiyo ni hapo tu. Na hapo ni pa Baba.

"Hapo ni pangu," akasema Baba.

"Uhamie pembeni, Baba, Bibi akae hapa. Basi, yamekwisha."

"Yamekwisha kwa nani? Mimi nihame kwenye meza yangu kwa sababu ya kipimo chako kibovu? Kata hiyo mikono."

"Nikikata atainukaje?"

"Si ulijifanya fundi?"

"Ni mama yako!"

"Ahsante. Nilikuwa nimemsahau, umenikumbusha."

Mishipa ilimtoka shingoni. Na mimi nikapaza sauti, nikasema mtu anaweza kuwa na kichwa cha meza na asiwe na kichwa. Kofi nililiona likija, likaishia hewani, kwa sababu Bibi alisimama. Peke yake.

"Mwache baba yako," akasema. "Njia ya chumba changu naijua."

Akaenda. Nikabeba kiti nyuma yake. Sasa ana kiti bora kuliko vyote mjini, cha kulia chakula na ukuta. Mwezi mzima wa randa kwa ajili hiyo! Nimepiga teke ndoo uani. Ndoo imepasuka, kidole pia.

Jumapili, 20 Aprili

Sisemi na mtu.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemuuliza Fundi kama tukate mikono ya kiti kidogo tu. "Kata wa kwako kwanza," kasema. "Bibi yako atashika hewa?"

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeazima msumeno nikate ule ubao wa meza. Nilishafika katikati ya mstari wa penseli, Baba akaingia. Hakupiga kelele. Alichukua msumeno, akaenda nao chumbani kwake, akafunga mlango.

Mama akaniambia, "Baba yako, siku tunahamia hapa, hatukuwa hata na meza. Alikaa pale pale juu ya boksi, akasema sasa nina kwangu. Usimvute, atakuja mwenyewe."

"Mvua zinakatika, Mama. Atakuja lini?"

Akarudi kwenye sufuria zake. Naye ni wale wale.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua. Kila mtu mtaani anashangilia jua. Mimi nalichukia.

Jumamosi, 3 Mei

Shangazi kafika saa sita mchana na gari la mizigo la jirani yake, matope mpaka kwenye vioo. Hata hajanawa akauliza, "Mama yuko wapi?"

Na hapo nikaona maajabu. Baba, kwa mikono yake, kaondoa kiti chake cha hakimu kichwani mwa meza. Kaenda chumbani, karudi na kiti changu, kakiweka pale. "Karibu, Mama," kasema, sauti kama asali. "Hapa ndipo pako." Eti ndipo pako! Wiki mbili nimepigana kwa mdomo na msumeno, dada yake kaingia mlangoni tu, kahama kama mpangaji aliyeletewa notisi. Nilitafuna meno badala ya chakula.

Bibi akakaa. Akala vizuri, akaongeza. Akauliza habari za barabara. Alipomaliza, akaweka viganja, akainama, akasimama bila kutikisika. Shangazi akapiga makofi.

"Umeona, dada?" Baba akasema. "Mama yuko sawa hapa."

Bibi hakukaa tena. Alisimama pale kichwani, kashika mkono wa kiti.

"Chakula kilikuwa kizuri," akasema. "Miezi mitatu nimekula nikisikiliza vijiko vyenu ukutani. Najua nani anakwangua sahani, nani anakohoa. Mmeniletea viti sita. Huyu kaleta cha saba. Mmegombana, nimesikia, mpaka meza mkataka kuichinja. Nawashukuru." Akamtazama Baba. "Lakini mlango wangu hauna kufuli, mwanangu, na kitanda changu kinakalika. Sahani moja ina uzito gani?"

Baba kaanza kukusanya makombo mezani kwa kidole. Bwana Tai alikuwa anatazama tai. Mama kainamisha kichwa. Mimi moyoni nikasema, haya, waambie, waambie wote!

Akanigeukia. "Hata wewe, mume wangu."

"Bibi, mimi nilikuwa natengeneza kiti!"

"Ulikuwa unatengeneza. Saa za kula pia ulikuwa unatengeneza?"

Nikashika kijiko changu, nikaanza kukwangua sahani iliyokwisha.

"Nakwenda kwa binti yangu," akasema. "Nilikuwa sitaki kwenda kama gunia la kubebwa. Sasa naweza kuinuka. Kiti changu kipakieni."

Nikasema sipakii. Nikasema sikukitengeneza cha kumwondoshea. Shangazi akasema, "Pakia, kijana," kwa ile sauti ya kuvunja vioo. Nikapakia. Nilikuwa na hasira hadi machozi, na machozi yakanizidishia hasira. Baba akaja na kamba, akafunga. Fundo lake baya, lingefunguka kwenye shimo la kwanza. Nikalifungua, nikafunga upya. Akashikilia kiti nikifunga. Hatukutazamana.

Bibi kapanda gari polepole, kakataa mkono wa kila mtu.

Sasa nimesoma daftari hili lote tangu mwanzo. Bwana Tai nimemtukana karibu kila ukurasa. Baba nimemtukana. Muuzaji, Fundi, Mama, mbao, jua. Nilikuwa natafuta siku moja tu niliyobeba sahani yangu nikaenda kukaa kitandani kwa Bibi. Mlango uko hatua sita kutoka mezani, nimezipima leo. Siku hiyo haimo.

Jumapili, 4 Mei

Kichwa cha meza kiko wazi. Baba kakaa pembeni. Hakuna aliyemwambia.

Alhamisi, 8 Mei

Jua. Vijiko vinapiga kelele sana nyumba hii.

Jumapili, 11 Mei

Asubuhi nikavaa viatu. "Unakwenda wapi?" Baba akauliza.

"Kula."

Akafuata viatu vyake. "Nisubiri," akasema.

Tumepanda basi, njia nzima kila mtu na dirisha lake. Kwa Shangazi ni watu wengi, viti havitoshi. Bibi yuko kwenye chake, anawaamrisha wajukuu wa huko kama jemadari. Kanitazama, hakusema "mume wangu", kasema tu, "Sahani ziko kule."

Baba kageuza ndoo, kakaa ubavuni mwa mama yake, magoti yamemfika kidevuni. Mimi nimekula nimesimama, sahani mkononi, karibu nao. Hasira bado ninazo. Nimeongeza chakula mara mbili.